Ufunguo wa Mara Moja

Huenda umepata kuucheza mchezo wa kompyuta uitwao ARC Raiders, uliotolewa mwaka 2025 na kampuni ya Embark Studios ya Stockholm, Uswidi. Mchezaji hutoka katika mji wa chini ya ardhi, akapanda juu kutafuta vitu vya thamani kati ya mashine katili na wachezaji wenzake, kisha hurejea. Akiuawa huko, karibu vyote alivyochukua humpotea.

Mara chache ataokota ufunguo wa chumba cha hazina. Ufunguo huo hufungua mlango mara moja tu, ukatoweka. Kwa sababu hiyo wengi huuweka ghalani wakingoja siku njema, na siku hiyo haiji. Mimi siwasifu.

Tazama saa kwanza. Mchezo huu waweza kukuingiza katika safari iliyokwisha anza. Dakika zikiwa zimepungua sana, yamkini mwenye ufunguo kama wako amekutangulia, nawe utakuta mlango wazi na masanduku matupu. Basi uhifadhi kwa safari nyingine. Nenda na mkoba mwepesi, upate pa kutilia utakavyovikuta.

Lakini kutoka ndiko kugumu, kwani sasa unacho cha kunyang'anywa. Lifti ya kurudia hupiga kelele na kuwaita maadui. Yapo matundu ya siri yafunguliwayo kimya, ila nayo yana ufunguo wake, ambao wachezaji wengi huusahau nyumbani. Nisipokuwa nao, huiita lifti, nikajificha mbali kidogo, nikasikiliza nyayo.