Kwa mwipwa aliyeko Mutshatsha: bodi kwanza, prosesa baadaye

Kolwezi, Januari 2026

Mwipwa wangu mpenzi,

Barua ya kijana imefika na imesomwa kwa makini. Anaeleza kwamba kompyuta ya mezani ya duka lake la kuchapa barua na picha imechoka: prosesa ni Core i5-4590 ya mwaka 2014, kumbukumbu ni gigabaiti 8 za DDR3, na video ya harusi moja tu inamfanya akeshe usiku kucha. Anaeleza pia kwamba kuna mfanyabiashara anayemsihi achukue Core i9-14900K kwa sababu ndiyo kubwa kuliko zote. Mjomba anajibu kwa kirefu, maana feza za duka hilo ndizo karo ya shule na unga wa nyumba nzima.

Kijana aanze kwa kujua kwamba prosesa, bodi mama na kumbukumbu ni ununuzi mmoja. Soketi ya bodi yake, LGA1150, haipokei prosesa yoyote inayotengenezwa leo. Vijiti vyake vya DDR3 vina miguu 240, ilhali vya DDR4 na DDR5 vina 288, na kati ya hivyo viwili kata ya katikati imewekwa mahali tofauti ili kimoja kisiingizwe kwa kingine. Anayegusa kimoja cha zamani analazimika kubadili vyote vitatu. Ndiyo sababu swali la kwanza dukani liwe bodi itakayobaki na kijana kwa miaka mingi, kisha ndipo ije zamu ya prosesa.

Mfano upo wazi. AMD ilileta soketi ya AM4 mwaka 2016, na prosesa za kwanza za Ryzen zikafuata Machi 2017. Aprili 2022 kampuni hiyohiyo ilitoa Ryzen 7 5800X3D kwa soketi ileile, na bodi nyingi za miaka ya mwanzo ziliweza kuipokea baada ya kusasishwa BIOS, ile programu ndogo inayoamsha mashine. Aliyenunua bodi nzuri mwanzoni alibadili prosesa peke yake na kuendelea na kazi. Upande wa Intel, soketi ya LGA1700 iliyokuja Novemba 2021 inapokea vizazi vya 12, 13 na 14. Oktoba 2024 ikaja LGA1851, na bodi za zamani hazikuwa na nafasi tena. AM5 ya AMD, iliyoanza Septemba 2022, imeahidiwa kuungwa mkono hadi 2027 na kuendelea, lakini inakubali DDR5 peke yake.

Sasa kazi yenyewe. Barua za maombi, mitihani ya shule, picha za kitambulisho na fotokopi hazihitaji prosesa ya kifahari. Kinachomfanya kijana akeshe ni video. Kwa video, viini 6 vyenye nyuzi 12 vinatosha kabisa, na Core i5-12400 inavyo. Ndani yake mna pia grafiki ya UHD 730 yenye sehemu maalumu ya kubana video, ambayo Intel huiita Quick Sync. Programu ya kuhariri ikiitumia sehemu hiyo, kazi ya usiku kucha hupungua sana. Upande wa AMD, Ryzen 5 5600G nayo ina viini 6 na nyuzi 12, ina grafiki yake ya ndani, na inakaa kwenye AM4.

Ile i9-14900K ni mashine ya kweli: viini 24, na hakuna wa kuidharau. Lakini ikisukumwa inakula hadi wati 253, na joto lote hilo linataka kipoza joto cha bei kali na hewa safi isiyopatikana kwenye chumba cha bati mchana wa Oktoba. Halafu kuna suala la mwaka 2024. Prosesa nyingi za mezani za vizazi vya 13 na 14, hasa zile kubwa, zilikuwa zikiangusha programu na kuzima zenyewe. Intel ilikiri kwamba volti iliyozidi ilikuwa ikizichosha, ikatoa marekebisho kupitia BIOS kuanzia Agosti 2024, na ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Marekebisho hayo yanazuia uharibifu mpya; prosesa iliyokwisha kuumia haiponi. Mtu anayenunua mkononi mwa mtu Kolwezi hana njia ya kujua prosesa hiyo iliishi vipi kabla ya kumfikia, na dhamana ya mbali haimfikii Mutshatsha.

Kuhusu umeme mjomba anamsihi kijana asikilize kuliko mahali pengine pote. Jimbo letu la Lualaba lina mabwawa ya Nzilo na Nseke, na tangu mwaka 1982 laini ya Inga hadi Kolwezi, ndefu kilomita zipatazo 1,700, inaleta umeme kutoka mto Kongo. Laini hiyo ilijengwa kwa ajili ya migodi. Dukani umeme hukatika, hurudi kwa kishindo, hushuka volti jioni watu wote wanapopika. Ukikosekana, jenereta ndogo huwashwa na volti yake hupanda na kushuka kadiri mashine nyingine zinavyochomekwa. Kompyuta ya wati chache inaokoa petroli, na ondulea ya kawaida inaishikilia dakika za kutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Ya wati nyingi inaimaliza betri kabla kijana hajainuka kitini.

Umeme huohuo ndio unaofanya bodi iwe na uzito. Prosesa haitumii volti 12 zinazotoka kwenye pawa saplai. Inataka volti moja na ushei. Kuna sehemu ya bodi, kandokando ya soketi, inayofanya kazi hiyo ya kushusha. Prosesa ya wati 65 inaomba ampea 50 hivi kupitia hapo. Ile ya wati 253 inaomba zaidi ya 150. Mkondo wa namna hiyo unapita kwenye nini? Kwenye shaba. Watoto wa Mutshatsha wamekua wakiona mabehewa ya shaba yakipita kwenye reli ya kuelekea Dilolo na Lobito, na wengi hawajaambiwa kwamba madini hayo yanarudi yakiwa tabaka nyembamba ndani ya bodi, na hata ndani ya prosesa yenyewe. Septemba 1997 IBM ilitangaza kwamba imeweza kutumia nyaya za shaba ndani ya chipu mahali pa alumini, na viwanda vingine vikafuata, kwa sababu shaba inapitisha umeme kwa upinzani mdogo.

Basi dukani kijana aitazame bodi kama mtu wa nchi ya shaba. Bodi ya bei ya chini kabisa huacha vipande vya kushusha volti vikiwa uchi. Bodi ya heshima huvifunika kwa kipande kizito cha chuma cha kupozea. Watengenezaji wengine huandika kwenye boksi kwamba tabaka ni la aunsi 2 za shaba, yaani unene wa maikromita 70 hivi, mara mbili ya ule wa kawaida. Maneno hayo yana maana: joto linasambaa badala ya kukaa mahali pamoja, na bodi inaishi. Aangalie pia nafasi za kumbukumbu. Bodi za H610 za upande wa Intel huwa na 2, ilhali nyingi za B660, za Intel pia, na za B550 za AMD zina 4, na siku moja zile mbili za ziada zitahitajika.

Kumbukumbu ndiyo iliyobadili hesabu msimu huu. Soko la dunia liko mikononi mwa kampuni tatu hasa: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Mwaka 2025 zote zilielekeza viwanda vyao zaidi kwa kumbukumbu za mitambo ya akili bandia, na kufikia mwisho wa mwaka bei ya vijiti vya kawaida ilikuwa imepanda vibaya. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaachana na biashara ya Crucial, jina ambalo mafundi wengi wanalijua. DDR4 nayo imepanda, lakini vijiti vilivyotumika bado vinazunguka madukani, na vinaweza kupimwa kabla ya kulipa. Kwa sababu hiyo mjomba haoni faida ya kijana kukimbilia DDR5 leo. Achague bodi ya LGA1700 inayopokea DDR4, kwa mfano ya B660, pamoja na i5-12400, au bodi ya B550 na 5600G. Ya kwanza inaacha mlango wazi kwa prosesa kubwa zaidi baadaye, na kwa video ndiyo inayoongoza.

Achukue vijiti 2 vya gigabaiti 8 vinavyofanana, asichukue kimoja cha 16. Viwili hufungua njia mbili kati ya prosesa na kumbukumbu, na grafiki ya ndani, inayokopa kumbukumbu hiyohiyo, huona tofauti kubwa. Mashine ikiwaka mara ya kwanza aingie BIOS na kuwasha XMP, la sivyo kijiti kilichouzwa kwa kasi ya 3200 kinaweza kutembea kwa 2133 mwaka mzima bila yeyote kujua.

Ipo mitego mingine mifupi. Herufi F mwishoni, kama 12400F, ina maana kwamba grafiki ya ndani haipo. Bila kadi ya grafiki skrini itabaki nyeusi. Core i7-7700 iliyotumika inavutia kwa jina, ila Windows 11 haiitambui rasmi, na Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Bodi zinazotolewa ndani ya kompyuta za ofisi za Dell na HP mara nyingi zina viunganishi vyao wenyewe vya umeme na hazikai kwenye kasha la kawaida. Bodi ya LGA1700 ina vipini kwenye soketi, na kimoja kikipinda kinaweza kuua nusu ya kumbukumbu. Kijana afungue kifuniko na kukagua kwa tochi ya simu kabla feza hazijatoka mfukoni. Na kabla ya kulipa bodi ya B550 aulize kama BIOS yake inaitambua 5600G, maana bodi iliyokaa ghalani tangu mwaka 2020 huenda isiitambue.

Tofauti ya bei kati ya i9 na i5 isirudi kwenye prosesa. Iende kwenye SSD kama bado anatumia diski ya kuzunguka, kwenye ondulea, na kwenye pawa saplai ya wati 500 yenye maandishi ya 100–240 V. Ile yenye 200–240 V peke yake huzima volti zinaposhuka jioni, ilhali ya kwanza huendelea. Msimu wa kiangazi, Mei hadi Septemba, vumbi jekundu litaingia kila tundu. Kasha lifunguliwe na kupulizwa mara kwa mara, na kompyuta isiwekwe sakafuni.

Kabla ya kulipa, kijana amtumie mjomba picha za lebo: jina kamili la bodi, namba ya prosesa, na maandishi yaliyo kwenye vijiti vya kumbukumbu. Mjomba atazipitia na fundi wake hapa Kolwezi, na vifaa vikikubaliana atachangia ondulea. Amsalimie mama yake, na amwambie kwamba kakake atakuja Mutshatsha mvua zikipungua na barabara ikikauka.

Ni mimi mjomba wako,
Kolwezi