Kisu Kisicho na Jina

Huko Atlanta, Marekani, watu humiminika katika ukumbi mkubwa kila mwezi wa Juni ili kutazama visu. Ndiyo, visu tu! Maonyesho hayo, Blade Show, yalianzishwa mwaka 1982. Mafundi huleta visu walivyovifua wenyewe, vyenye chapa ya jina la aliyevitengeneza, na wapo wakusanyaji wanaolipa maelfu ya dola kwa kisu ambacho hakitakata hata kitunguu.

Sisi wa Kondele maonyesho yetu hayana kiingilio. Jumapili moja niliteremka hadi soko la Kibuye kutafuta kisu cha samaki. Nikapita masanduku ya bati na majiko, nikafuata mlio wa nyundo.

Mhunzi niliyemkuta, mzee wa makamo, alikuwa akifua kipande cha springi ya lori juu ya kipande cha reli. Chuma cha springi hushika makali, si kama chuma laini cha madirisha. Hukitia katika makaa mpaka kiive kwa wekundu, akakipiga, akakirudisha motoni, kisha akakizamisha katika oili chakavu. Akikosea hapo, kisu hubaki laini au hupasuka, na kazi ya asubuhi nzima imekwenda.

Kando yangu alisimama mama wa Obunga, mkaangaji wa mgongo wazi, yale mabaki ya mbuta ambaye minofu yake huuzwa ng'ambo.

"Fundi, mia moja."

"Mama, hiyo ni springi, si bati. Nipe mia tatu."

"Kwani samaki atajua ni springi?"

Akamwonyesha visu vinavyometameta vya kutoka nje, vilivyotandazwa hatua chache tu kutoka pale, vya bei ya chini. Mzee hakuvitazama. Vijana wawili waliokuwa wakipuliza moto walitazama, maana chakula chao cha mchana kilikuwa ndani ya bei ile. Walipatana mia mbili, na mama akaondoka akikijaribu kwa ukucha.

Nikamsimulia mzee habari za Atlanta. Mbona yeye hapigi chapa ya jina lake?

Akacheka. "Mwanangu, wewe ni wa Kondele kweli? Kisu changu kikiokotwa penye fujo, askari watamtafuta nani?"

Wewe uliyekuwa hapa baada ya uchaguzi wa 2007, au ule wa 2017, huhitaji kufafanuliwa. Mtaa wetu ulifahamika kwa mawe na moshi, na kwa siku kama zile jina lililoandikwa juu ya chuma chenye makali ni mzigo.

Nililipa mia tatu bila kubishana. Aliponifungia kisu changu katika gazeti, alinionyesha alama ndogo aliyoichonga kwa tupa karibu na mpini. Wateja wake, alisema, huitambua, nao hurudi.

Ikoje? Samahani, msomaji, hiyo sitakuambia.