Barafu Iliyotangulia Kusikika

Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya na weupe wa kileleni. Hakuwa mwanajiolojia. Alikuwa mmisionari aliyezama katika lugha, yule ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882. Watu wa Embu walimweleza kwamba hawapandi hadi juu kwa sababu ya baridi kali, na kwamba kitu cheupe huporomoka huko kwa kishindo. Kwa maneno hayo Krapf alitambua kuwa mlima una mito ya barafu.

Kule London, William Desborough Cooley alikataa katakata habari za theluji karibu na ikweta. Alikuwa amesoma mengi kuhusu Afrika, ila hakuwahi kuikanyaga. Mwaka 1893 mwanajiolojia J. W. Gregory alipanda akaifikia barafu yenyewe. Waembu walikuwa wamesema kweli.

Nayakumbuka haya kila ninapomsikia mzazi huku kwetu akimsihi mwanawe aachane na historia na lugha, ashike sayansi apate kazi. Hofu yake naielewa. Karo ni mzigo na ajira ni haba. Lakini elimu ya barafu ya mlima wetu ilianza kwa mtu aliyejua kuuliza na kupima ushahidi: msemaji anaishi wapi, ameona nini, atafaidi nini akidanganya? Hiyo ni kazi ya mwanahistoria. Cooley pia alikuwa mtu wa vitabu, kwa hiyo sidai kwamba vitabu peke yake vinatosha. Kilichompungukia ni imani kwamba mkazi wa mlimani anaweza kuwa shahidi.

Tangu niijue habari hii, mzee akiniambia jambo lisiloniingia akilini, namwuliza swali la pili kabla ya kumpinga. Mara nyingi jibu la pili ndilo lenye maarifa.

Leo barafu ya Lewis, mmojawapo wa mito ya barafu ya mlima huo, inayochorwa ramani tangu 1934, imebaki kidogo mno. Ramani zinaonyesha imepungua kiasi gani. Hazielezi mto Rupingazi, utokao mlimani, ulijaa vipi zamani, wala familia za kandokando yake zilibadilisha nini katika kilimo maji yalipopungua. Wanaoyakumbuka hayo wamezeeka. Natamani shule zetu za sekondari, Embu na Meru, ziwatume kwao mwanafunzi wa fizikia na wa historia pamoja, daftari moja, mwaka huu.