Wawindaji Walioandika, na Mtu wa Nyuma Kwenye Picha

Novemba 1959, jarida la Field & Stream la Marekani lilichapa uhakiki mfupi wa riwaya ya D. H. Lawrence, Lady Chatterley's Lover. Mwaka huohuo riwaya hiyo ilikuwa imefikishwa mahakamani huko Marekani, na kila mtu alikuwa anaizungumzia kwa sababu ya mapenzi yaliyomo ndani yake. Mhakiki, Ed Zern, akaisoma kana kwamba ni mwongozo wa kazi ya kutunza ndege wa kuwindwa, maana yule mpenzi wa bibi Chatterley ni mlinzi wa wanyama kwenye ardhi ya tajiri. Akazisifu sehemu zinazohusu ufugaji wa ndege na udhibiti wa majangili. Akasikitika kwamba msomaji analazimika kuvuka kurasa nyingi za mambo ya pembeni kabla hajayafikia hayo ya maana. Hakukonyeza jicho hata mara moja, na wapo waliodhani kwamba alimaanisha kila neno.

Naanza na hiki kwa sababu nikiwatajia wapenzi wa fasihi majarida ya uwindaji, wengi wananiangalia kama nimewatajia katalogi ya matrekta. Jarida la watu wa bunduki na ndoana liliweza kufanya mzaha wa namna hiyo, na wasomaji wake wakauelewa. Walikuwa wasomaji hasa.

Mimi mwenyewe sijawahi kushika bunduki. Majarida haya yaliingia nyumbani kwetu kupitia kwa mjomba, ambaye kwa miaka mingi alikuwa traka, yaani mfuata nyayo, katika kampuni ya uwindaji wa kitalii kaskazini mwa Tanzania. Wageni wakimaliza safari waliyaacha kambini, naye akatuletea sisi watoto tufunikie madaftari. Karatasi ngumu, inang'aa, haichaniki ovyo. Daftari langu la Hisabati lilikuwa na nusu ya hadithi ya dubu, na nusu nyingine sikuipata kamwe. Hayo yalikuwa matoleo ya miaka ya tisini. Nilipofika chuo kikuu na kukutana na mikusanyo ya hadithi za zamani, ndipo nikajua kwamba tulichofunikia madaftari kilikuwa makombo ya karamu.

Karamu yenyewe, kwa maoni yangu, ilikuwa kati ya miaka ya thelathini na ya sitini. Sports Afield ilikuwepo tangu 1887, Field & Stream tangu 1895, Outdoor Life tangu 1898. Yalisomwa kwa vinyozi, kwenye vituo vya mafuta, na kwenye nyumba ambazo huenda hazikuwa na kitabu kingine zaidi ya Biblia. Na yalinunua hadithi. Sisemi taarifa wala vidokezo. Hadithi.

Mpenzi wangu kati ya hao wote ni Gordon MacQuarrie. Alikuwa mwanahabari kama mimi, akiandika habari za porini katika gazeti la Milwaukee Journal, na kando ya kazi hiyo akaandikia majarida visa vya chama chake cha kubuni cha wawinda bata wazee. Chama kina watu wawili tu: yeye na “Rais”. Huyo Rais kwenye maisha ya kweli alikuwa baba mkwe wake, muuza magari wa kaskazini mwa Wisconsin. Hebu fikiria hapo. Kwetu mkwe ni mtu wa kuamkiwa kwa adabu kisha unatafuta kiti cha mbali. Hapa mkwe na mkwewe wamebanana kwenye mashua, mvua ya barafu inawapiga, wanataniana tangu alfajiri, na mzee anamdhulumu kijana vitafunio. Bata wanakuja au hawaji. Kuna kisa kimoja MacQuarrie anakwenda peke yake kwenye kibanda chake kando ya ziwa, hana la kufanya kwa wiki tatu, na kweli hafanyi jambo kubwa: anawasha moto, anapika, anatoka, anarudi. Nimekisoma labda mara kumi. Kama mhariri wangu angeletewa kisa hicho leo, angeuliza habari iko wapi.

Robert Ruark ni mtu wa namna nyingine, mwenye makelele, mlevi, mtu wa fedha na ugomvi. Lakini kuanzia 1953 mpaka 1961 aliandika katika Field & Stream safu ya kila mwezi iitwayo The Old Man and the Boy, kuhusu mvulana anayelelewa na babu yake kwenye pwani ya North Carolina. Babu anamfundisha kulenga kware. Ndivyo unavyodhani. Ukisoma miezi mitatu mfululizo unagundua kwamba bunduki ni kisingizio tu cha kumfanya mtoto akae kimya ili mzee aongee. Anafundishwa kutokupiga kundi zima la ndege, kusafisha chombo kabla ya kula, kumheshimu mbwa anayejua kazi kuliko wewe. Mtu aliyelelewa na bibi au babu kijijini, akachungishwa mbuzi huku akipewa maneno, atamtambua mzee huyo bila kutambulishwa.

Wengine nawapitia haraka. Jack O'Connor wa Outdoor Life alikuwa mwalimu wa Kiingereza na uandishi wa habari chuo kikuu kabla ya kuwa mwandishi maarufu wa bunduki, na ualimu ule unaonekana: sentensi safi, hakuna neno la ziada, hata anapoeleza uzito wa risasi. Corey Ford, mchekeshaji, alifariki 1969. Mwaka uliofuata ikatoka hadithi yake ya mzee anayekata roho huku akilini anatembea tena na mbwa wake aliyekwisha kufa, kuelekea mahali pa ndege panapojulikana na wawili hao peke yao. Isome ukiwa peke yako.

Ila kuna jambo linalonikaa kooni, na siwezi kuwasifu watu hawa kama vile halipo. Mwaka 1916 Nash Buckingham alichapa De Shootinest Gent'man, kisa kinachohesabiwa kati ya visa bora kabisa vya uwindaji wa bata. Anayekisimulia ndani ya hadithi ni Horace, mtumishi mweusi wa klabu ya wawindaji. Kila kichekesho, kila kituo cha pumzi, ni cha Horace. Lakini maneno yake yameandikwa kwa tahajia iliyovunjwavunjwa ili msomaji amcheke kidogo, na jina la juu ni la Buckingham.

Wakija kwetu, hali ni hiyohiyo. Ruark aliwinda Tanganyika mwaka 1951 na kuandika Horn of the Hunter, kitabu chenye kurasa nzuri sana kuhusu nyati na hofu. Mwindaji wake mzungu, Harry Selby, akawa maarufu duniani. Wafuata nyayo wamo pia, kwa jina moja moja, kwa mapenzi hata, lakini kama watu wasiokuwa na kwao. Hemingway alimpa M'Cola nafasi kubwa zaidi katika Green Hills of Africa, na bado tunamwona M'Cola kwa macho ya bosi wake tu.

Nakumbuka toleo moja kati ya yale ya madaftari. Mjomba alilizuia lisikatwe. Ndani yake kulikuwa na picha ya nyati aliyelala, mgeni amepiga goti ameshika pembe, mwindaji wa kampuni pembeni, na nyuma yao mjomba, amesimama na kofia ya kijani. Maelezo chini ya picha yalitaja jina la mgeni, la mwindaji, aina ya bunduki na uzito wa risasi. Basi. Miaka baadaye, nilipokuwa nimeshaanza kazi ya habari, nilimtafsiria makala yenyewe neno kwa neno. Alisikiliza mpaka pale mwandishi aliposema walimkuta nyati asubuhi. “Asubuhi ipi?” akauliza. “Sisi nyayo zilitupotea kwenye mawe saa mbili nzima. Huyo alikuwa amelala kwenye gari.”

Kisha akaanza yeye. Akanieleza kifuko cha majivu alichokuwa anakitikisa kupima upepo. Akanieleza kinyesi alichokigusa kwa nyuma ya vidole kujua joto lake, na majani yaliyolazwa ambayo yalikuwa hayajaanza kuinuka. Alichukua karibu saa nzima kutoka kwenye mawe mpaka kichakani. Kufa kwa nyati kulipata sentensi moja: “Akaanguka, tukachuna.” Huo ndio uwiano wa MacQuarrie na wa Ruark akiwa kwenye kiwango chake, na mjomba hajawahi kusoma hata mmoja wao.

Hadithi za namna hiyo zilianza kupungua kwenye majarida kadiri televisheni ilivyokula matangazo na wahariri walivyotaka orodha za vifaa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977. Tanzania bado inauendesha kwa leseni, ila makala nyingi za sasa ninazoziona ni za bei, vitalu na vipimo vya pembe. Mwaka 2024 waimbaji wawili wa muziki wa kantri, Eric Church na Morgan Wallen, walitangaza kulinunua jina la Field & Stream na kuahidi kulirudisha kwenye karatasi. Nawatakia heri, na wakihitaji wa kuwaandikia, namba yangu ipo.

Kwa sasa nina kazi nyingine. Nimemrekodi mjomba mara tatu kwenye simu, uani kwake, jogoo wakiingilia kila dakika. Nilitaka aanze na nyati wa kwenye picha. Amekataa. Anasema lazima nianze na baba yake, na mbwa waliyekuwa naye, na mwaka ambao bwawa lilikauka, na kwamba tusipoanzia hapo hiyo ya nyati haitaeleweka. Jumamosi ijayo naenda tena na betri ya akiba.