Sauti ya Usiku wa Manane

Huzuni ya mapenzi ni mali isiyokuwa na mwenyewe. Tajiri huionja na maskini huionja. Mwenye elimu haimwogopi, wala mjinga haimsahau. Kwa hiyo mwimbaji anayesimama mbele ya watu akasema kuwa ameachwa na mpenzi wake hatoi habari mpya. Jambo moja tu humpasa msikilizaji kuuliza: je, anayesema hivyo anayajua ayasemayo, au ameazima kilio kama mtu aazimavyo joho la kwendea harusini? Swali hili ni jepesi kuuliza na zito kujibu, kwa sababu nyimbo nyingi za mahaba zipendwazo duniani zilitungwa na mtu mmoja zikaimbwa na mwingine, na mtungaji aghalabu hakumjua mwimbaji wala yule mpenzi anayeliliwa.

Mfano wa kufaa sana kwa mazungumzo haya ni santuri iliyotolewa na kampuni ya Capitol huko Marekani mwezi wa Aprili, 1955. Mwimbaji wake alikuwa Frank Sinatra, na jina lake ni "In the Wee Small Hours", maana yake zile saa za usiku mkubwa ambazo mji umelala, na aliye macho ni mgonjwa, mlinzi au mwenye majonzi. Ndani yake mna nyimbo 16, na zote ni za mwendo wa pole. Hapana hata mmoja wa kuchezewa dansi kwa furaha. Hapana hata mmoja ambao mpenzi hurudi mlangoni. Anayeisikiliza toka mwanzo hata mwisho hukaa karibu saa nzima na mtu aliyeachwa.

Sinatra alizaliwa Hoboken, katika jimbo la New Jersey, tarehe 12 Desemba, 1915, na wazazi waliotoka Italia. Mwaka 1940 aliingia katika bendi ya Tommy Dorsey, bingwa wa tromboni. Hapo alipata elimu ambayo haikuandikwa katika kitabu. Alimwona Dorsey akivuta sauti ndefu, sentensi baada ya sentensi, pasipo watazamaji kutambua ni wapi alipovuta pumzi. Kijana akataka koo lake lifanye kazi iliyofanywa na chombo kile cha shaba. Akafanya mazoezi ya kuogelea ili mapafu yake yapanuke, akajifunza kuvusha maneno kutoka mstari hata mstari bila kuyakata. Wengi huyafikiri mapenzi katika wimbo kuwa ni jambo la moyo peke yake. Kumbe kabla ya moyo kusema kitu, pumzi hutakiwa iwe tayari kuubeba.

Alipoachana na Dorsey mwaka 1942 umaarufu wake ulikuwa kama moto wa nyika. Wasichana walijaa katika ukumbi wa Paramount, New York, wakampigia kelele hata sauti yake isisikike. Lakini moto wa nyika hauna kuni za akiba. Kufika mwaka 1950 koo lilimtoka damu, sauti ikamkimbia alipokuwa jukwaani, na kwa muda akalazimika kunyamaza kabisa. Mwaka 1952 kampuni ya Columbia, iliyokuwa ikitoa santuri zake, haikutaka tena kuendelea naye. Katika miaka hiyohiyo alimwacha mke wake, Nancy, mama wa watoto wake watatu, kwa ajili ya mchezaji wa sinema Ava Gardner. Akamwoa Ava tarehe 7 Novemba, 1951, siku chache tu baada ya talaka ya kwanza.

Sehemu ya kisa hiki iligusa ardhi ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Novemba, 1952, Ava alikuja Kenya kuchezea sinema ya Mogambo, iliyoongozwa na John Ford, pamoja na Clark Gable na Grace Kelly. Sehemu nyingine zilipigwa Tanganyika, kandokando ya mto Kagera. Sinatra alifuatana naye. Hakuja kwa kazi, maana hakuwa na kazi. Alikuja kwa kuwa ni mume wa mwenye kazi. Mtu aliyezoea kusubiriwa na maelfu alikaa kambini akimsubiri mkewe arudi mbele ya kamera. Fikira zake zilikuwa Hollywood, ambako alitamani kupewa nafasi ndogo ya askari Maggio katika sinema ya From Here to Eternity. Alipoitwa kwenda kujaribiwa alisafiri mara moja, kisha akarudi tena Kenya. Nafasi ile akaipata; mwezi wa Machi, 1954, ikamletea tuzo ya Oscar. Lakini heshima ilipokuwa ikirudi kwa mlango wa mbele, mapenzi yalikuwa yamekwisha toka kwa mlango wa nyuma. Oktoba, 1953, watu walitangaziwa kuwa Ava na Sinatra wametengana.

Huyu ndiye mtu aliyeingia studio ya Hollywood mwezi wa Februari, 1955. Alikuwa na umri wa miaka 39. Mkono wa kuume ulishika ushindi, na wa kushoto haukushika kitu. Pamoja naye alikuwako Nelson Riddle, mpangaji wa muziki, ambaye naye alipata kupiga tromboni katika bendi ya Dorsey baada ya Sinatra kuondoka. Wawili hawa, waliosoma chuo kimoja kwa zamu mbili, walifahamiana bila maneno mengi.

Kazi ya Riddle yastahili kuangaliwa, kwa maana kunyamaza ni sehemu kubwa ya ustadi wake. Wimbo wa kwanza hufunguliwa na selesta, kinanda kidogo chenye mlio wa kengele, mlio mwembamba kama wa saa ya ukutani inayosikika wakati nyumba imetulia. Katika nyimbo kadha wa kadha wapigaji ni wachache tu: kinanda, gita, besi, na ngoma inayopapaswa badala ya kupigwa. Katika nyingine fidla huingia polepole, zikamzunguka mwimbaji kama ukungu, kisha zikajitenga ili neno lake lisikike. Hakuna anayeshindana naye. Mpangaji mwenye tamaa angejaza kila pengo kwa mapambo; Riddle aliyaacha mapengo yake wazi, kwa kuwa aliyeachwa huishi humo.

Vyombo viwili vya ufundi vilisaidia jambo hili. Cha kwanza ni maikrofoni. Mwimbaji wa zamani alipaswa kupaza sauti ili wa nyuma ukumbini asikie, na ni shida kumpazia mtu siri. Maikrofoni ilimpa Sinatra ruhusa ya kusema kwa sauti ya mtu anayezungumza kitandani. Cha pili ni santuri ndefu, iliyoanza kuuzwa na Columbia mwaka 1948. Sahani za awali, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilichukua muda wa kama dakika tatu kila upande. Huzuni ilikuwa haijatua vizuri moyoni msikilizaji akapaswa kusimama kuigeuza sahani. Santuri mpya, iliyozunguka mara 33 na thuluthi, iliweza kushika nyimbo nane upande mmoja. Hapo ndipo ilipowezekana kuupanga usiku mzima, si wimbo mmoja mmoja. Hata picha ya jalada ilifuata shauri hilo: mwanamume amesimama peke yake, kofia kichwani, sigara mkononi, katika njia ya mji yenye mwanga hafifu wa taa na rangi ya buluu.

Santuri ilipendwa, ikapanda hata nafasi ya pili katika orodha ya santuri zilizouzwa sana Marekani. Lakini kupendwa si hoja, na mtu mwangalifu anaweza kuleta mashtaka matatu juu yake.

Shtaka la kwanza ni kwamba maneno hayakuwa yake. Wimbo mmoja ni wa Cole Porter, wa mwaka 1929. Mwingine Duke Ellington aliutoa mwaka 1930. Tena mna tungo za Richard Rodgers na Lorenz Hart, zilizofanywa kwa ajili ya michezo ya kuigiza. Watu hawa walitunga kwa mshahara, aghalabu kwa watu wa kubuni jukwaani, kabla Sinatra hajamwona Ava. Shtaka la pili ni kwamba aliyelia hakuwa mtu safi. Kabla hajaachwa aliacha. Na nyumba aliyoiacha nayo ilikuwa na saa zake za usiku wa manane, ingawa hakuna aliyezitengenezea santuri. Shtaka la tatu ni kwamba machozi yaliyofungwa katika karatasi nzuri na kuuzwa dukani hayana tofauti na bidhaa nyingine.

Shtaka la tatu ni jepesi kuliko mengine. Mganga hulipwa, na dawa haipungui nguvu kwa kuwa imelipiwa. Shtaka la pili ni zito, na haifai kulifuta. Wimbo mzuri hauoshi tendo baya. Walakini inafaa kutazama kile ambacho santuri hii haikufanya. Katika nyimbo 16 msikilizaji hasikii mwanamke akitukanwa, wala hasikii mwanamume akidai kuwa kadhulumiwa. Anayeimba hajitetei. Huketi na hasara yake akaihesabu, kama mfanyabiashara mwaminifu aliyefilisika kwa makosa yake mwenyewe. Jambo hili si dogo, maana tabia ya wengi walioachwa ni kwenda kwa majirani kutafuta mashahidi. Nelson Riddle alipata kusema kwamba Ava ndiye aliyemfundisha Sinatra kuimba nyimbo za namna hii, na alimfundisha kwa njia ngumu. Kama ni hivyo, mwanafunzi alilipa karo yake bila kumlaani mwalimu.

Limebaki shtaka la kwanza, na jibu lake limo mwishoni mwa santuri yenyewe. Wimbo wa kumi na sita, "This Love of Mine", ni tofauti na mingine kwa sababu Sinatra alikuwa na mkono katika maneno yake. Mtu angetazamia kwamba hapa hatimaye ndipo alipoandika habari za Ava. Sivyo. Wimbo huu aliuimba kwa mara ya kwanza mwaka 1941, akiwa katika bendi ya Dorsey, kijana wa miaka 25 aliyekuwa na mke nyumbani, mtoto wa kwanza mikononi na dunia mbele yake. Maneno yalikuwa ya mpenzi anayeendelea kupenda ingawa apendwaye hayupo. Kijana huyo aliyajua maneno hayo kama mtoto ajuavyo neno "mauti": hutamka sawasawa, asipungukiwe na herufi, na maana isimguse.

Miaka 14 baadaye akayaimba tena. Herufi zilikuwa zilezile. Pumzi aliyofundishwa na tromboni ilikuwapo bado, ila sauti ilikuwa nzito zaidi, na mahali pengine kama iliyokwaruzwa. Alikuwa amefika katika maneno yake mwenyewe kama mgeni anayefika katika nyumba aliyoijenga zamani bila kukusudia kukaa. Basi ikiwa mtunzi mwenyewe hakuyamiliki maneno yake siku alipoyaandika, akaja kuyamiliki siku alipoumia, shtaka la kuazima linakosa miguu. Maneno ya mapenzi hayawi ya aliyeyatunga kwa haki ya kalamu. Huwa ya yule aliyeyafikia. Cole Porter aliweza kuyaandika kwa mshahara, na Sinatra akaweza kuyafikia kwa hasara; wote wawili hawakudanganya.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawana haja ya kushawishiwa sana juu ya hili. Mwimbaji wa taarabu mara nyingi huimba shairi lililotungwa na mwingine, na anayeinuka ukumbini kumtuza huwa amesikia humo jambo lake mwenyewe, ambalo mtunzi hakulijua wala mwimbaji hakuambiwa. Shairi moja hubeba siri za watu mia, na kila mmoja hudhani limetungwa kwa ajili yake.

Ava na Sinatra walipeana talaka mwaka 1957. Ava alifariki London tarehe 25 Januari, 1990; Sinatra alimfuata tarehe 14 Mei, 1998. Ugomvi wao, uliojaza magazeti ya siku zile, umekuwa habari ya wazee, na wengi wanaoisikiliza santuri leo hawajui kuwa aliyeimba alipata kukaa kambini Kenya akiwa mume asiyekuwa na kazi. Hawana haja ya kujua. Mtu aliyeamka saa tisa za usiku, akanyosha mkono upande wa pili wa kitanda akakuta shuka baridi, haulizi mwimbaji alimlilia nani. Huusikiliza mlio ule mdogo wa selesta, akatambua kwamba kuna mwingine aliyekuwa macho saa kama hii. Na ingawa mpenzi harudi, usiku hupungua urefu kidogo.