Mteja naye anapimwa



Kila mmoja wetu anajua kusema juu ya chakula alichokula nje ya nyumba. Pale ni kizuri, pale ni kibaya, pale wanakawisha watu, pale mama iko na roho nzuri. Tunahukumu mbio kuliko jaji. Lakini ni wachache wanaojiuliza kama mama mwenye kupika naye anatuhukumu sisi. Ninataka kuandika juu ya jambo hilo, maana mimi ninakaa pande zote mbili.

Hapa Bukavu, katika Kadutu, si mbali sana na soko, kuko kirestora kimoja cha mbao na mabati. Meza tatu, mabenchi sita, majiko mawili ya makala. Hakuna jina juu ya mlango. Siku za masomo ninakula pale kama mteja, na ninalipa kama wengine. Siku ya posho asubuhi ninapandisha mabidoni ya maji toka robine ya chini, na mshahara wangu ni sahani moja iliyojaa. Kwa hiyo ninasikia maneno ya wateja wakati wanakula, tena ninasikia maneno ya mama wakiisha kutoka. Jina lake silitaji, juu yeye mwenyewe aliniambia: «Andika chakula, usiandike mimi.»

Maneno ya wateja ni mengi, lakini ukiyahesabu yanarudi kwa matatu.

Neno la kwanza ni hili: «Mama, unakawia!»

Linakuja zaidi siku ya sombe. Mtu anaingia saa tano, anaona mvuke unatoka katika nyungu, anasema: «Nipakulie, niko na haraka.» Mama anajibu: «Bado.» Mteja anakasirika, maana anajua majani yako motoni tangu asubuhi. Kumbe sababu yake iko hata katika somo letu la kemia. Majani ya muhogo yanabeba ndani yao sumu ya sianidi. Ukiyatwanga vizuri na kuyachemsha muda mrefu, sumu ile inatoka pamoja na mvuke. Muhogo mchungu wenyewe ni vilevile: lazima ulowe siku kadhaa katika maji, ndipo uanikwe na kusagwa. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa konzo katika upande wa Kwango, ugonjwa unaopoozesha miguu ya watu. Baadaye wanganga walitambua kwamba konzo inafuata wale wanaokula sana muhogo mchungu uliotengenezwa kwa haraka, na hawana chakula kingine cha kuwapa nguvu.

Mama hakusoma kemia. Anasema tu: «Bibi yangu alinikatazaka.» Na katazo hilo linamgharimu. Siku moja niliona wateja wanne wakisimama pamoja na kwenda kwa jirani anayepakua mapema. Mama akawatazama mpaka mlangoni, kisha akaendelea kukoroga.

Neno la pili: «Mama, umepunguza!»

Hilo ni neno la sambaza. Kuko papa mmoja tunayemwita Kontabli, ingawa kazi yake si ya hesabu. Mbele ya kula anasukuma bugali pembeni, anahesabu sambaza moja moja kwa kidole. Kijana wa pikipiki anacheka, wabeba mizigo wanacheka, yeye hacheki. Siku moja akasimama na sahani mkononi:

— Mama, juma lililopita ulinipa makumi mbili na mbili. Leo ni kumi na sita!

— Papa, usiku ulitazama mwezi?

— Mwezi unaingia wapi katika sahani yangu?

Mwezi unaingia kabisa. Sambaza inavuliwa usiku. Wavuvi wetu wa ziwa Kivu wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanawasha taa, wanashusha wavu, na samaki wanafuata mwangaza wa taa. Lakini mwezi ukiwa mzima, ziwa lote linang'aa, na taa ya mvuvi haina nguvu tena. Samaki wanakuwa kidogo, na asubuhi beyi inapanda sokoni. Hapo mama anabaki na njia mbili: kupandisha beyi ya sahani, ao kupunguza samaki. Sahani yake ya sambaza ni franka 3000, na anajua kwamba mbeba mizigo aliyeshuka na gunia mara mbili hana zaidi ya hizo. Aliniambia: «Nikipandisha, yule atabaki na njaa. Nikipunguza tano ao sita, atabaki na manung'uniko tu. Manung'uniko hayaui.»

Mzee mmoja anayekula kila siku kwenye benchi la pembeni akamwambia Kontabli: «Mwanangu, ushukuru. Mimi nilizaliwa mbele ya sambaza.» Watu walifikiri mzee anafanya mchezo, lakini alisema kweli. Samaki huyo hakuwa wa ziwa Kivu. Alitolewa katika ziwa Tanganyika, akaletwa huku kwetu karibu na mwaka 1959. Huyu tunayemwona kama mwenyeji, naye alikuja kama mgeni.

Sisemi kwamba kila manung'uniko ni mabaya. Kuko siku mbeba mizigo mmoja aliuma jiwe katika maharage. Hakupiga kelele. Alisimama, akaenda karibu na jiko, akafungua mkono wake na kumwonyesha mama lile jiwe. Mama akamwomba radhi, akampa sahani nyingine. Toka siku ile maharage yanachambuliwa mara mbili, na mara ya pili ni mimi ninayeyachambua. Tazameni basi: neno moja lililosemwa kwa sauti ya chini lilisaidia wateja wote waliokuja nyuma.

Neno la tatu ndilo zito: «Mama, uniandike.»

Mama iko na kaye ya madeni. Zamani ilikuwa ukurasa mmoja ao mbili, na mwisho wa mwezi watu walikuwa wanafuta majina yao. Lakini mwezi wa pili wa mwaka 2025 vita vilifika Bukavu, na benki zikafunga milango. Feza ikapotea mkononi hata kwa mtu mwenye mshahara. Walimu, wauguzi, watu wa ofisi, wote wakaanza kusema uniandike. Mama akaandika. Lakini yeye sokoni haandikwi. Unga ni kulipa, mafuta ni kulipa, makala ni kulipa, kila asubuhi. Jina la mtu katika kaye halinunui makala.

Mwezi wa nne, siku ya kwanza moja, hakufungua. Wateja walifika saa sita, wakakuta mlango umefungwa kwa waya. Wengine wakatukana. Magaribi mama akaniita nimhesabie kaye. Tulipata watu 31 na franka 412 000. Kwa tajiri si kitu. Kwa mama huyu ilikuwa biashara nzima, yaani unga, mafuta, makala na franga za masomo ya watoto wake. Hakunituma kudai. Aliniambia: «Ukiwakuta njiani, uwaambie mama anawasalimia.»

Nikapeleka salamu. Na hapo ndipo nilijua kwamba wateja nao wanapimwa, tena kwa mizani tusiyoiona.

Wa kwanza kuja alikuwa Kontabli. Alikuja usiku uleule. Akatoa karatasi katika mfuko wa shati, yenye tarehe ya kila sahani aliyokula kwa deni. Kaye ya mama ilisema sahani tano. Karatasi yake ilisema sita. Akalipa sita, akaenda. Mtu aliyehesabu samaki za mama, alihesabu vilevile deni lake.

Kulikuwa pia kijana mmoja mwenye kusema vizuri sana. Huyo alikuwa anamwita mama «malkia wangu», na alikuwa anasifu pilipili yake mbele ya watu wote mpaka wageni wanataka kuonja. Deni lake lilikuwa franka 38 000, kubwa kupita yote. Toka nilipompa salamu, anashuka kwenda mjini kwa njia ingine.

Wa tatu ninayetaka kumtaja ni mwalimu wa shule moja ya msingi. Alifika nyumbani kwa mama mikono mitupu. Akasema: «Mama, sijalipwa bado. Nimekuja tu uone uso wangu.» Mama akamwambia aketi. Chakula hakikuwa kingi siku ile, lakini alikula pamoja na watoto wa nyumba. Na deni lake halikuongezwa.

Kisha siku tisa, restora ilifunguliwa na jiko moja na nyungu moja: maharage na bugali, basi. Sambaza ilirudi polepole, sombe ilikawia zaidi. Meza moja iliuzwa, hata leo ziko mbili. Katika kaye majina kumi na moja hayajafutwa. Nilimwuliza mama kwa nini hapasui ukurasa ule, ao kwa nini hapeleki majina kwa mkubwa wa mtaa. Akanijibu akiwa anapepea makala: «Mwenye kukosa feza anarudi. Mwenye kukosa haya anazunguka. Ukurasa unabaki, labda mmoja atachoka kuzunguka.»

Ndugu zangu, sisi wanafunzi tunakula sana katika restora za mtaa, na tunapenda kusema kwamba mteja ni mfalme. Basi mfalme naye awe na adabu. Chakula kikikawia, tuulize kwanza sababu. Kikiwa na kosa, tumwambie mwenye kupika, si watu wa barabarani. Na siku mfuko ukiwa mtupu, tusibadilishe njia. Tuende kuonyesha uso.

Juu ya ile pilipili, mimi ninaionja kila siku ya posho. Ni nzuri kabisa. Katika jambo hilo, yule kijana hakudanganya.

Mwanafunzi wa mwaka wa 5