Akaunti ya Kijana, na Kwa Nini Jina Langu Limo

Kimya changu kilikuwa kirefu, na nadhani mmeshajua sababu. Kijana wetu amepata nafasi West Point, chuo cha jeshi la Marekani kilichoanzishwa mwaka 1802, kando ya mto Hudson, jimbo la New York. Asanteni kwa dua na kwa simu zenu. Ila simu nyingine zimekuja na swali: eti kwa nini jina la baba limo kwenye akaunti ya mshahara wa mtoto? Nimeona bora nijibu mara moja, kwa wote.

Ni kweli analipwa. Mwanafunzi wa pale kisheria ni mwanajeshi tayari, na mshahara wake ni asilimia 35 ya mshahara wa msingi wa luteni-usu anayeanza kazi. Hapewi noti mkononi, pesa inaingia benki moja kwa moja. Kwa hiyo kabla ya kuripoti lazima awe na akaunti.

Tatizo ni umri. Chuo kinapokea vijana kuanzia miaka 17, na wetu atafikisha 18 mwezi Oktoba. Benki haipendi kusaini na mtoto peke yake, kwa sababu sheria inamruhusu mtoto kuukana mkataba, na hasara inabaki kwa benki. Benki ya kwanza tuliyoingia, karani aliitazama barua ya jeshi, akamtazama kijana, akasema arudi akishatimiza 18. Tulipofika kwenye gari kijana akaniuliza: "Baba, kwa hiyo naweza kuapa kuifia nchi lakini siwezi kuwa na kadi ya benki?" Sikuwa na jibu jamani.

Benki ya pili walikubali, kwa sharti mzazi awepo na asaini. Tulikwenda na pasipoti yake, kadi ya Social Security, leseni yangu na karatasi ya kuonyesha tunapoishi. Tangu sheria ya mwaka 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, benki za hapa zinatakiwa kuhakikisha kila anayefungua akaunti ni nani hasa.

Tukapewa njia mbili. Moja ni akaunti ya mlezi: pesa ni ya mtoto, lakini mlezi ndiye anayeisimamia mpaka mtoto afikie umri uliowekwa. Hiyo haikufaa, maana yeye atakuwa kambini na mimi huku. Ya pili ni akaunti ya pamoja, na ndiyo tuliyochukua.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa wenye watoto wanaokua huku. Kwenye akaunti ya pamoja kila mmoja anaweza kutoa hela bila kumwuliza mwenzake. Mimi nikiwa na madeni, wanaonidai wanaweza kuifuata hata hiyo pesa. Na jina la mtu halifutwi kirahisi, mara nyingi mnaambiwa mfunge akaunti nzima.

Kijana alilielewa hilo kabla hajasaini. Akaniuliza mbele ya karani, "Na wewe unaweza kuzitoa?" Nikamwambia ndiyo, zote, hata usiku wa leo. Akanyamaza kidogo, kisha akasaini. Ule ukimya wake ndio ulionifanya nikatae kadi yangu. Kadi ipo moja tu, ni yake. Tumekubaliana akifikisha 18 atafungua akaunti yake mwenyewe, mshahara uhamie huko, na hii tuifunge. Mpaka hapo mimi ni sahihi tu.

Na wale mnaopiga hesabu, pigeni vizuri. Katika huo mshahara anakatwa sare, vitabu, kompyuta, kunyolewa na kufuliwa nguo. Mwaka wa kwanza kinachobaki mkononi ni kidogo sana. Masomo halipi ada, lakini atayalipa kwa kutumikia jeshi miaka 5 akimaliza. Si bure hata kidogo.

Kwa hiyo naombeni kwa heshima, msimpelekee orodha ya mahitaji. Ada za shule za watoto wa nyumbani nitaendelea kutuma mimi kama kawaida. Dawa za bibi vilevile. Hakuna kilichobadilika kwa sababu mtoto ameanza kulipwa.

Wiki hizi za mwanzo za mafunzo hana simu, kwa hiyo msione kiburi asipojibu. Barua za karatasi anapokea. Anwani nitawatumia, na bibi yake aandikiwe na mmoja wenu, yeye aseme tu maneno. Hicho ndicho kijana anachokihitaji kutoka kwenu kwa sasa.

Kwa leo naishia hapa. Wasalimieni wote.